Mbele Yupo Shangazi

Kompyuta ndiyo iliyomkataa Shangazi. Karani wa kituo cha utafiti alimweleza Mama Daftari hivyo kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani. Kisanduku cha "kiongozi wa msafara" kina orodha ya madume peke yake. Ukiandika jike kinakuwa chekundu, na kikiwa chekundu ukurasa mzima haupokelewi.

"Sasa wewe unafanyaje?" Mama Daftari akauliza.

"Naweka dume mkubwa kuliko wote."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Hata niliyempokea kazi alikuwa anafanya hivyo hivyo."

Mama Daftari alikuwa amepita kuchukua kalamu tu. Akakaa kitako. Miaka kumi na moja mwanamke huyu ameamka alfajiri, akapanda majabali ya nyuma ya mji kwa miguu yake mwenyewe, akashinda na nyani arobaini juani na mvuani, akiandika nani kamtoa nani chawa, nani kamnyang'anya nani tunda, nani kaanza kuondoka na nani kafuata. Jina lenyewe hakulichagua, mtaa ulimpa kwa kuwa hakuonekana bila daftari kwapani. Kumbe jasho lote hilo likifika kwenye chumba chenye kiyoyozi jike anageuzwa dume. Kama huko si kutwanga maji kwenye kinu, basi niambie ni nini.

Na jambo lenyewe halikuwa na utata. Mtu yeyote mwenye macho mawili angeliona kwa asubuhi moja. Jua likichomoza, dume mkubwa aliyeitwa Jemadari anateremka jabalini kifua mbele, anatembea hatua kumi, anageuka nyuma. Hakuna aliyemfuata. Basi anakaa chini na kujikuna paja, kana kwamba ndilo alilolifuata pale. Wenzake wanaendelea na mambo yao mpaka Shangazi, jike mzee mwenye sikio lililochanika, amalize shughuli zake. Shangazi anainuka bila kumtazama yeyote, anashika njia, na kundi zima linamfuata. Jemadari naye anatoka mbio awapite, aonekane yuko mbele.

Tena Jemadari alikuwa mgeni. Madume wakishapevuka huhama na kwenda kutafuta maisha kwa wengine, na yeye alihamia pale miaka miwili tu iliyopita. Shangazi alizaliwa kwenye majabali yale, na mama yake pia. Alijua kila mti unazaa lini na kila kisima kinakauka lini. Mgeni atamwongozaje mwenye nyumba?

Ubaya ni kwamba mwaka huo Shangazi alikuwa amegundua mti mpya, usiokauka wala kungoja msimu, nao ni stoo ya jiko la hospitali.

Hospitali ilivumilia mpaka nyani mmoja alipoingia wodi ya watoto na kumpokonya mgonjwa mkate mkononi. Hapo maji yakazidi unga. Ukaitishwa mkutano, na afisa wa wanyamapori, ambaye watu wote walimwita Bwana Nyama, akaja na kibali. Ataondolewa mmoja, yule anayewaongoza. Wasipokoma, watapigwa risasi wote. Na huyo mmoja wa "kuondolewa", kila mtu ukumbini alielewa anakopelekwa.

Mkuu wa kituo, Daktari, akasimama. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya taratibu, asiyewahi kumkaripia mtu. Akaonyesha mchoro ukutani: katika safari mia moja, Jemadari ameongoza zote mia.

"Siye," akasema Mama Daftari kutoka viti vya nyuma.

"Mama, lakini hizi ni takwimu zako mwenyewe."

Akaeleza. Akaeleza habari ya kisanduku, ya Shangazi, ya hatua kumi na kujikuna paja. Watu wakacheka, na yeye damu ikamchemka, maana hakuwa anachekesha.

"Wahenga walisema ukiona nyani mzee ujue amekwepa mishale mingi," Bwana Nyama akamkatiza. "Huyu Jemadari leo mshale wake umefika."

"Jemadari ana miaka tisa, bwana. Amekwepa mshale gani?"

Wakacheka tena. Lakini karatasi ilikuwa imeshatiwa saini.

Jemadari akanaswa Jumanne, mtegoni, akifuata ndizi. Hakurudi. Jumatano saa moja asubuhi nyani thelathini na tisa wakashuka hospitali kama wafanyakazi wa zamu. Madume vijana wakaenda getini kuonyesha meno, na walinzi wakawakimbilia na mawe. Wakati huo Shangazi amezunguka nyuma, kapita chini ya kamba za mashuka, kaingia stoo kupitia dirishani, katoka na mkate. Majike na watoto nyuma yake. Mwaka mzima ilikuwa hivyo, na hakuna mlinzi aliyewahi kupoteza jiwe kwa bibi kizee.

"Wamechanganyikiwa," Daktari alisema. "Wamepoteza kiongozi. Wape wiki moja watatulia."

"Mimi nawapa mpaka Jumatatu," alisema Bwana Nyama. "Jumatatu nikimwona hata mmoja ndani ya ua huu, nawamaliza."

Jioni Mama Daftari alikula huku analalamika. Mumewe, fundi cherehani, alimsikiliza huku anatoa nyuzi kwenye shati la mteja. Alikuwa na mazoea ya kuwaambia majirani kwamba mke wake ana familia mbili, na yenye mikia ndiyo kubwa.

"Nimesema mpaka koo limekauka, baba watoto. Ni kama nampigia mbuzi gitaa."

"Sasa mama watoto, si uache kuongea na hao wasiosikia? Kaongee na nyani. Wao si ndugu zako?"

Alikuwa anatania. Lakini Mama Daftari aliacha kutafuna.

Kazi yake ilikuwa na sheria tatu, na mtu hafundishwi nyingine mpaka azishike hizo: usiwarushie kitu, usiwapigie kelele, usiwalishe. Ilimchukua miaka miwili ya kukaa kimya juani mpaka nyani wale wakubali awe hatua kumi kutoka kwao. Aliikumbuka siku ambayo Shangazi alikaa jirani naye na kumpa mgongo. Nyani hampi mgongo asiyemwamini. Siku hiyo alirudi nyumbani akamsimulia mumewe mpaka mwanamume akasinzia.

Alhamisi asubuhi akajibanza nyuma ya pipa la kufulia la hospitali, kapu la mawe miguuni. Shangazi akaja. Alipomwona akaguna kidogo kooni, ile salamu yao ya kila siku, akaendelea zake.

Jiwe la kwanza likaanguka mbele yake. Shangazi akalitazama, kisha akamtazama Mama Daftari, akalizunguka na kuendelea. Hata nyani hakuamini. La pili likampata mbavuni, akatoa mlio ambao Mama Daftari hakuwahi kuusikia kwake kwa miaka yote hiyo. Akarusha la tatu na la nne, anapiga kelele na kulia, anamtukana Shangazi, anamtukana karani, anaitukana kompyuta na kila aliyeitengeneza. Mpishi alichungulia dirishani, akafunga haraka.

Ijumaa Shangazi alifika mpaka kwenye uzio, akamwona, akasita. Jiwe likamfuata hapo hapo. Jumamosi alisimama juu kilimani, akaangalia hospitali kwa muda mrefu, akageuka. Wote wakageuka. Jumapili hawakuja. Jumatatu Bwana Nyama na vijana wake wakakaa na bunduki mapajani mpaka saa sita mchana, wakaomba maji ya kunywa, wakaondoka.

Hakuna aliyekufa. Mama Daftari alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Daktari. Daktari alikuwa anaandika, uso umemchangamka.

"Unaona, mama? Nilisema ndani ya wiki. Kundi likikosa dume kiongozi linaishiwa nguvu."

"Daktari, nimewapiga mawe. Siku mbili, Shangazi peke yake. Yeye ndiye aliyewarudisha."

Daktari akavua miwani. "Hilo usilirudie mbele ya watu. Ni kinyume cha taratibu, nitalazimika kukuachisha kazi."

"Niachishe, lakini andika ukweli."

"Ukweli upi? Walinzi wamerusha mawe mwaka mzima hayakusaidia kitu. Tumeondoa dume mmoja, wiki haijaisha wamekoma. Wewe mwenyewe ungekuwa mimi ungeandika nini?"

Akamweleza tena, toka mwanzo mpaka mwisho. Daktari alimsikiliza kwa huruma yake yote, na afadhali angemtukana. Mwishowe akasema anaelewa, kwamba kukaa na wanyama miaka mingi humfanya mtu awapende na kuwaona kama watu. Kisha akamsomea sentensi ya mwisho ya ripoti. Ilishauri miji mingine yenye shida ya nyani itumie njia hiyo hiyo: tafuteni dume mkubwa, mwondoeni. Mama Daftari akawaza madume wote watakaokufa huko kwa kujikuna mapaja.

Kazi hakuachishwa. Ilimwishia yenyewe. Kila alipopanda majabali alikuta mavi mabichi na maganda, nyani wameshaondoka. Aliandika "hawakuonekana" siku tisa mfululizo. Karani aliingiza, na safari hii kompyuta haikuwa na neno. Daktari akaeleza kwamba kundi lisilo na kiongozi huwa na woga.

Siku ya kumi aliambiwa aende mara ya mwisho, kisha arudishe darubini na buti za kituo. Akawaona ng'ambo ya bonde, mbali sana, wamejitandaza juani wanatoana chawa, na watoto wanavutana mikia. Akasimama wima, hakujificha. Alikuwa na hamu nao, hilo hakulikana.

Shangazi akainua kichwa. Hakupiga ukelele, wala hakumgutusha yeyote. Alimtazama tu mwanamke aliyesimama ng'ambo, halafu akainuka, akampa kisogo, akashika njia ya kupanda mlima. Binti zake wakainuka. Wajukuu wakarukia migongo ya mama zao. Madume vijana, wale wenye meno, wakaacha walichokuwa wanakila wakaja mbio nyuma. Mama Daftari akawahesabu kwa kidole mmoja mmoja mpaka mlima ulipowameza, thelathini na wanane nyuma yake, na hakubaki hata mmoja.