Sha Moja, Meza Moja

Pale sokoni Uvira, Teta na Josée waliuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye meza moja, na majina yao yalikuwa yamekosa kazi. Walikuwa na "sha", yaani mwenzangu, basi. Sha, nipe mfuko. Mteja akivuta bei chini, sha ya jicho la pembeni. Mtoto akiugua, sha ya sauti ya chini, ya kushikana mkono. Wakigombana, "Toka hapa, sha!" na kesho yake sha ileile ikaomba msamaha. Teta ndiye aliyelileta neno hilo kutoka kwao milimani. Josée akalizoea hadi akawa analisema kumshinda mwenyewe.

Halafu vita vikachafua mji, na watu wa kule juu wakaanza kuangaliwa vibaya. Asubuhi moja Pierre, mkubwa wa safu ya meza zao, akaja na uso wa mawe.

"Weye Teta, watu wanalalamika. Ile sha yako ni luga ya wale. Meza tutapatia mwingine."

Emery, dereva wa pikipiki aliyekuwa akinunua ndagala, akacheka. "Papa Pierre, ile ni Kifaransa! Ni *cher*, mupendwa; wavivu walikata mukia."

"Ilitoka Bujumbura," jirani akadakia.

Kwao ulikuwa mzaha, lakini meza hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wa Teta. Akamgeukia Josée. Aseme tu kwamba wote wanalisema, yaishe.

"Josée, weye unasemaka sha ao hapana?" Pierre akauliza.

Josée akapanga ndagala zake moja moja, utadhani zina vyeo. "Minye? Hapana. Ile ni yake."

Ya kwake! Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimekula naye sahani moja. Teta angelia, ila hasira ilimwahi. Akakunja gunia lake, akajitwisha beseni.

Hakufika mbali, mvua ikashuka kutoka mlimani. Ndagala za Josée zikaanza kulowa, na turubai lao lilitaka watu wawili.

"Sha! Sha, kuya tushike!"

Pierre akageuza kichwa polepole.

Teta akasimama kwenye mvua, beseni kichwani.

"Mama Divine," akamwambia Josée kwa jina la mwanawe, ambalo hakuwahi kumwita, "unaita nani? Hapa hakuna muntu wa ile jina."

Akaendelea na njia yake.