Nafasi ya Tano

Juliana Mtui alipoacha ualimu, majirani zake wa Marangu walidhani atafungua duka la vifaa vya shule. Badala yake akaanzisha tuzo ya vitabu. Kila mwaka walimu wachache walichagua vitabu vitano vipya vya watoto, nakala zikasambazwa katika shule za msingi kuanzia Shirimatunda hadi Uru na Marangu, wanafunzi wakavisoma muhula mzima, kisha wakapiga kura kuchagua kimoja. Mtu mzima hakuwa na kura, hata Juliana mwenyewe. Hilo ndilo alilojivunia kuliko yote.

Mwaka wa nne wa tuzo hiyo, kati ya vitabu vitano kilikuwemo kimoja kiitwacho Baba Yuko Juu. Mwandishi wake alikuwa Sirili, mdogo wake Juliana wa tumbo moja, mwalimu wa sekondari huko Babati. Juliana aliwaambia wenzake mapema kwamba huyo ni ndugu yake, akatoka nje walipokijadili. Baadaye Mwalimu Melkior, mwenyekiti wa kamati, alimfuata uani.

"Kimeingia," akamwambia. "Na si kwa sababu yako. Ni kitabu kweli. Tena mwishowe wanaoamua ni watoto."

Juliana alikuwa ameshakisoma chote bila kuinuka kitini. Alijua kila kilichokuwamo. Baba yao, Nikodemo, alikuwa mpagazi wa mlimani. Mwaka mmoja alipanda na wageni mwezi wa Julai, kifua kikambana kule juu, wakamshusha kwa machela akiwa ameshakata roho. Juliana alikuwa kidato cha pili, Sirili darasa la tatu. Baada ya mazishi, kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sirili alisimama nyuma ya zizi, akautazama mlima na kumweleza baba yake atakachofanya siku hiyo. Mama yao, Dominika, alimsikia na akamwacha. Mtoto wa kwenye kitabu alifanya hivyohivyo, mpaka ukurasa wa mwisho, asubuhi alipotoka nje, akautazama mlima, na asiseme kitu.

Vitabu vilipokwisha kusambazwa, Sirili akawa anapiga simu karibu kila Jumapili.

"Watoto wanasemaje, dada?"

"Wanasoma."

"Wanasoma tu?"

"Siruhusiwi kukuambia zaidi, Sirili. Unajua."

"Sawa, sawa, nimekuelewa," alisema huku akicheka. Ukimya wa dada yake aliuchukua kuwa habari njema inayofichwa. Akamwambia mama yao ajiandae.

Juliana alianza kupata wasiwasi siku alipokwenda kuwasikiliza wanafunzi wa darasa la sita, shule moja ya hukohuko Marangu. Walikaa kwenye nyasi nyuma ya darasa, vitabu vikiwa vimeanza kuchakaa pembeni. Kitabu cha mbuzi aliyekula mitihani ya mwalimu mkuu kiliwachekesha hata kabla hakijafunguliwa. Walipofika kwenye Baba Yuko Juu wakatulia. Msichana mmoja mwembamba, jina lake Gladness, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi hiki ndicho nimekipenda kuliko vyote."

Juliana alijizuia asitabasamu. "Kwa nini umekipenda?"

"Kwa sababu ni kweli. Lakini sitakipigia kura."

"Mbona hivyo?"

Gladness alichuma nyasi moja, akaikunjakunja vidoleni. "Baba yangu yuko mlimani sasa hivi. Amepanda juzi na wageni. Nikikichagua, nitakuwa kama nimekubali."

"Umekubali nini?"

Mtoto aliinua macho kuelekea mlimani. Mvulana aliyekaa karibu naye akasema baba yake pia amepanda. Mwingine akasema kaka yake. Wakaendelea kuwataja watu wao, mmoja baada ya mwingine, wala hapakuwa na aliyecheka. Juliana alikuwa na maneno mengi ya mwalimu kuhusu kazi ya kitabu; akayaweka kando. Akawaambia wafungue kitabu cha mbuzi.

Kura zilipoletwa, alizihesabu pamoja na Mwalimu Melkior katika chumba cha parokia mjini Moshi. Watoto wa Shirimatunda walikuwa wamemchagua mbuzi. Wa Uru wamegawanyika. Kwenye masanduku ya Marangu, kwao, kitabu cha Sirili hakikupata kitu cha maana. Kilikuwa cha mwisho kabisa.

"Pole, mwalimu," Melkior akasema.

"Watoto wamechagua," Juliana akajibu.

Palikuwa na sheria kwamba mwandishi asijue matokeo kabla ya sherehe. Sheria hiyo aliitunga Juliana mwenyewe, baada ya mwandishi mmoja kudokezwa kwamba ameshindwa na kuamua kutokuja, na watoto waliomchagua wakabaki mlangoni na maua mikononi mpaka ukumbi ukafungwa. Kwa hiyo alinyamaza. Alijiambia kwamba akimwambia ndugu yake na wengine asiwaambie, tuzo nzima itakuwa uongo.

Siku moja kabla ya sherehe Sirili alifika kutoka Babati. Mama Dominika alikuwa amepika mtori wa ndizi na nyama. Juliana alimkuta ametandika kitenge kipya kitandani na kukipigia pasi mara ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, nikae mbele au nyuma? Nisije nikachelewa kusimama akiitwa."

"Kaa popote, mama. Waandishi wote wanaitwa."

Hayo yalikuwa kweli, na Juliana aliyasema akiwa ameangalia bakuli la mtori. Alipoaga, Sirili alimsindikiza hadi kwenye migomba ya mwisho.

"Dada, nikuulize kitu kimoja tu?"

"Usiniulize."

"Basi," Sirili akasema, akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha jibiwa. Juliana angeweza kumkatiza pale. Alimwacha acheke.

Ukumbi ulijaa. Sherehe iliendeshwa na wanafunzi wenyewe, na walikuwa wameomba tangu mwanzoni mwa muhula kwamba vitabu vitangazwe kama wakimbiaji kwenye mashindano, kuanzia wa mwisho kupanda hadi mshindi. Juliana alikubali wakati huo, kabla hajajua lolote. Mtangazaji alikuwa Rodney, mvulana wa darasa la saba kutoka Shirimatunda, mwenye sauti ya kufika hadi barabarani.

"Tunaanza na nafasi ya tano!" akasema, lakini watoto walikuwa wanagonga miguu sakafuni na nusu ya maneno ikapotea. "Baba Yuko Juu! Mwandishi, Sirili Mtui!"

Mama Dominika alisikia jina la mwanawe likitajwa la kwanza. Akapiga kigelegele. Akainuka na kitenge chake, akaanza kucheza katikati ya viti kuelekea mbele, mikono juu, akiita, "Ni mtoto wa Nikodemo! Ni wa Nikodemo huyo!" Akina mama wengine, wasiojua utaratibu, wakamwitikia. Na watoto wa Marangu, walewale ambao hawakukichagua, wakasimama wote wakapiga makofi kwa nguvu zao zote, maana walikipenda kitabu hicho. Hapo mama ndipo alipoamini kabisa.

Sirili hakuinuka mara moja. Alimtazama dada yake pale jukwaani, na Juliana akaona kwamba ameelewa.

Rodney alimgeukia Juliana, hajui afanye nini. Juliana akashuka ngazi. Mama yake akamkumbatia kwa nguvu, uso umelowa. "Mmemwinua baba yenu," akamwambia sikioni. Sirili akaja, akapokea cheti, akampa Rodney mkono na kumwambia, "Asante sana, kijana wangu," kisha akamshika mama yao kiwiko akamrudisha kwenye kiti.

Ikatajwa nafasi ya nne. Mama akapiga makofi. Ya tatu. Makofi yake yakapungua. Ilipofika ya kwanza, mbuzi wa mwalimu mkuu, ukumbi mzima ulilipuka, ngoma zikapigwa, watoto wakambeba mwandishi juujuu. Kutoka jukwaani alikorudi, Juliana alimwona mama yake akimgeukia Sirili na kumuuliza jambo. Akamwona Sirili akimjibu taratibu, ameinama. Mama akachukua ncha ya kitenge, akajiziba mdomo. Alikaa hivyo mpaka watu wakaanza kutoka.

Nje, kando ya gari la kukodi, Sirili alisubiri mama aingie kwanza.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Mimi ningekuja, dada. Ningekuja, nikapiga makofi kama wengine. Ila mama nisingemleta."

"Sirili, nisikilize. Watoto wa Marangu..."

"Usinipoze," akasema. "Tafadhali. Usinipoze kama mwanafunzi."

Kesho yake asubuhi aliondoka bila kupita kwa Juliana. Simu za dada yake hakuzipokea. Mama Dominika hakumlaumu binti yake hata kidogo, na hilo lilimuumiza Juliana zaidi; aliacha tu kwenda kwenye jumuiya kwa wiki kadhaa, maana alikuwa ameshawatangazia akina mama wote.

Krismasi ilipofika magari yalipanda mlima kutoka Dar, Arusha na kila mahali, kila ukoo ukarudi kwao. Sirili hakuja. Kanisani watu walimuuliza mama, naye akawajibu, "Ana kazi nyingi," katika sikukuu ambayo hakuna Mchaga mwenye kazi nyingi.

Mwezi wa kwanza mama alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba lao la ukoo, akakata jani la isale, akalifunga fundo. Kwao, aliyekosewa akipelekewa jani hilo hakatai kusamehe.

"Mpelekee mdogo wako," akasema.

Juliana alisafiri hadi Babati. Sirili alikuwa kwenye kibaraza cha nyumba za walimu na wenzake wawili.

"Karibu, mwalimu," akamwambia.

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Walipobaki peke yao Juliana alimpa jani, akaanza kusema, na safari hii Sirili hakumkatiza. Alimweleza habari ya Gladness, nyasi aliyoikunja vidoleni, na wale wengine waliotaja baba zao na kaka zao. Sirili alilishika jani kwa mikono yote miwili, kama inavyotakiwa.

"Na huyo baba yake," akauliza. "Alirudi?"

"Alirudi."

Sirili akaitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. "Mimi niliandika ili tuwe na baba," akasema. "Kumbe nimewatisha watoto wa watu."

"Hukuwatisha. Walimpenda baba."

"Najua walimpenda. Niliwasikia wakipiga makofi." Aliliweka jani dirishani. "Nimekusamehe, dada. Kweli kabisa. Wewe ulifanya haki. Lakini kila nikikaa kuandika namwona mama anacheza katikati ya vile viti. Siandiki tena. Na Marangu siji. Mwambie nitamtumia nauli, aje anione huku."

Juliana alimsihi sana. Alimwambia mama amezeeka, hawezi safari ndefu. Sirili alimsikiliza kwa adabu, akambebea mkoba hadi stendi, akamnunulia maji, akamuaga vizuri.

Juliana alifika nyumbani siku iliyofuata, akamkuta mama yake kwenye kibanda cha jiko akimenya ndizi.

"Amelipokea?"

"Amelipokea, mama."

"Kwa mikono miwili?"

"Kwa mikono miwili."

Mama Dominika akaweka kisu chini, akafunga macho kidogo, akamshukuru Mungu kwa Kichaga. Kisha akainuka, akatoka hadi mlangoni akaangalia migomba.

"Basi Pasaka atakuja," akasema. "Ule mkungu wa karibu na mfereji tusiukate. Utakuwa umekomaa vizuri."

Juliana alichukua kisu kilichoachwa, akaendelea kumenya.