Bibi Anayekufa Adai Chakula

Verna Halloran alikuwa akiigiza Hollywood tangu enzi za picha zisizo na rangi, na bibi anayekufa katika filamu hii huenda angekuwa mhusika wake wa mwisho. Saa sita za kazi zilikuwa zimepita bila chakula, na mwongozaji, kijana mdogo, bado alimtaka arudie kufa.

"Mara moja tu, Bi Verna. Mtakula baadaye."

Mafundi wa taa wakatazama chini. Verna akawakumbuka maseremala wa studio, walivyogoma na kuimba getini huku polisi wakiwatwanga virungu, mpaka saa ya kula ikawa haki ya kila mtu. Harold, seremala aliyekuja kuwa mumewe, alimmegea mkate siku ile huku akitokwa damu puani. Jamani, walikuwa wazuri wale watu! Sasa karibu wote wamezikwa.

Akainuka kutoka kitanda cha mauti. "Tunakula kwanza."

"Naweza kutafuta bibi mwingine!"

"Mtafute. Ila mwambie aje ameshiba."

Fundi mmoja juu ya ngazi akaangua kicheko, akazima taa yake. Mwenzake naye akazima. Verna akavaa viatu, akawatangulia wote kwenda kwenye supu iliyokuwa ikiwasubiri nje.