Kona Pana za Garoa

Asubuhi ya duru ya pili ya uchaguzi, Genivaldo aliamka na hasira ya ndoto. Alikuwa amemwona Garoa, farasi wake jike, amesimama kwenye nyasi zilizomfika tumboni, mgongo mtupu, kifua kitupu, hana mkanda wala hatamu. Akampigia mluzi wao wa mara mbili, ambao kwa miaka kumi na tisa haujawahi kupuuzwa. Garoa hakugeuza hata sikio. Kisha ukungu ukaja kutoka mtoni, ukameza nyasi, ukammeza na farasi, Genivaldo akabaki kitandani anapuliza midomo kama anayepoza uji.

"Ndoto ya kipuuzi," aliuambia ukuta, akaenda kuchemsha kahawa.

Lakini alijua imetoka wapi. Neide, bintiye wa pekee, alikuwa ameimaliza miezi miwili akizunguka mitaa ya Porto Tibúrcio na fulana ya kijani yenye picha ya mbwa, akimpigia kampeni Ivonete, daktari wa wanyama aliyeutaka umeya. Daktari aliahidi mengi, zahanati ya paka, sijui chanjo za mbwa wa mitaani, na hayo Genivaldo hakuwa na ugomvi nayo. Iliyomchoma ni ahadi moja: ndani ya siku mia, hakuna farasi atakayevuta gari mjini. Farasi wataenda malishoni, wenye magari watapewa pikipiki za matairi matatu. Pikipiki! Umemzika mke, umelea mtoto, umebeba matofali ya nusu ya mji huu na kiumbe mmoja tu, halafu mtu anakupa pikipiki na kukuambia ushukuru.

Basi duru ya kwanza alimwambia Neide macho makavu kwamba kura anampa daktari, akaenda akampa Bragança, mwuza saruji ambaye hakuwa na habari na farasi wa mtu. Wagombea walikuwa tisa, hakuna aliyefika nusu, wakabaki hao wawili. Jioni hiyohiyo ulimi ukamponyoka mezani.

"Umemuuza Garoa, baba," Neide alisema.

"Nimemwokoa. Nyie ndio mnataka kuninyang'anya."

Wiki tatu zikapita hawasemeshani.

Jumapili zote Garoa alibaki uani akipumzika. Leo Genivaldo aliogopa kumwacha, ati atarudi akute ukungu umemchukua kweli. Akamfunga kamba shingoni, akatoka naye kwa miguu kwenda kupiga kura, gari likabaki limeegemea ukuta.

Mji ulikuwa bado haujaamka vizuri. Ukungu ulining'inia juu ya mapaa, na barabara ilikuwa nyeupe kabisa, maana usiku watu wa kampeni walikuwa wamemwaga vile vikadi vya wagombea ambavyo huko huitwa watakatifu wadogo. Maelfu ya Bragança na maelfu ya Ivonete walilala chali wakitabasamu, na kwato za Garoa zilipita juu yao bila sauti. Genivaldo alijiona kama bado yumo ndotoni.

Kwenye kona ya duka la mikate Garoa alimvuta hadi katikati ya barabara, akaenda mbele hatua tano zaidi, ndipo akageuka taratibu. Genivaldo alidhani ameona mbwa. Kona ya famasi, vilevile. Kona ya tatu akageuka kuangalia nyuma kuna nini.

Hapakuwa na kitu. Garoa alikuwa anayapa nafasi magurudumu ya gari lililobaki nyumbani.

Miaka kumi na tisa Genivaldo alikuwa amekaa juu ya gari, akiuona mgongo wake tu. Hakuwahi kutembea ubavuni mwake. Sasa walifika chini ya kilima cha shule, na Garoa akasimama, akainamisha kichwa, akavuta pumzi, akasukuma kifua mbele kwenye mkanda ambao haukuwepo. Pale manyoya yalipokatika zamani, ngozi ilikuwa nyeusi na ngumu. Akaanza kupanda, akilivuta.

"Garoa, mama, hakuna kitu nyuma," Genivaldo alimwambia.

Kusikia sauti yake, mnyama akakaza zaidi. Loo! Maana lini sauti hiyo ilimwambia kitu kingine? Genivaldo aliona aibu ambayo hakuwa ameiona tangu utotoni, akanyamaza hadi juu.

Langoni kulikuwa na foleni. Garoa akainama, akaanza kutafuna vikadi.

"Mzee, kampeni leo marufuku!" askari alisema.

"Anakula, afande. Kampeni gani?"

"Amemmeza Bragança mzima mzima!" mama mmoja alipiga kelele.

"Ngoja, na daktari naye huyo kinywani!"

"Basi kura yake imeharibika!"

Watu walicheka mpaka askari naye akacheka. Neide alikuwa kwenye foleni, hacheki. Genivaldo alimpa kamba.

"Nishikie."

"Nitamtorosha."

"Jaribu uone," alisema, akaingia.

Kwenye mashine ya kupigia kura alibonyeza namba aliyoizoea. Bragança akatokea na meno yake yote. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kijani cha kuthibitisha. Kesho mchanga, aliwaza, keshokutwa matofali, na kilima. Akabonyeza cha kufuta. Akaweka namba nyingine, akatokea daktari amebeba paka begani. Genivaldo alibonyeza kijani kwa nguvu, akatoka anafuta macho, akisingizia vumbi.

Matokeo yalifika kabla ya chakula cha jioni. Bragança ameshinda, tena kwa mbali.

Neide alikuja uani macho mekundu. "Hongera, baba. Mmeshinda. Garoa ni wako."

Baba yake alikuwa amekaa chini, akiukata mkanda wa kifuani vipande kwa kisu cha mihogo.

"Lile shamba chama chenu kinapopumzishia farasi, bado lina nafasi?"

"Baba, lakini mmeshinda."

"Nani kashinda? Mimi nimebwagwa kama wewe. Na usinichunguze, kura ni siri."

Neide alikaa chini kando yake, akalia kwa sauti.

Jumatatu walimpeleka. Tangu siku hiyo Genivaldo hubeba mchanga kwa mkokoteni wa kusukuma, magoti yakimtukana njia nzima. Kila Jumapili huenda shambani. Jumapili ya kwanza Garoa alipita mbali na hori la maji, akigeuka kwa kona pana. Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, hivyohivyo.

Jumapili ya nne kulikuwa na ukungu, na nyasi zilimfika tumboni. Genivaldo alipiga mluzi wa mara mbili. Garoa aliinua kichwa, akamwangalia, akarudi kula. Alikula mpaka akatosheka. Kisha akaja kwa wakati wake, akapenya katikati ya hori na nguzo ya lango, upenyo mwembamba ambao gari lisingepita kamwe, mbavu zikikwaruza mbao.

Genivaldo aliketi kwenye nyasi zenye umande, akalia kama mtoto.

"Umelitua, mama," alimwambia. "Umelitua."