Kijiko cha Dirishani

Kwa mpishi wa kantini, kila ugonjwa ulianzia sufuriani. Ndivyo alivyofunzwa kazini: mfanyakazi akishika tumbo tu, kinachokaguliwa kwanza ni chakula. Kwa hiyo bintiye alipoamka akitapika, na kabla hajafutwa mdomo akaanza kuharisha, mama mtu alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria ya maharage.

"Mama, haya ulimpa mtoto jana?"

"Nilimpa," akajibu mama mkwe wake, aliyekuwa akipanga vyombo. "Na wewe ulipotoka kazini ukayala, ukaramba na sahani."

"Mimi tumbo langu la chuma. Huyu bado mdogo."

"Kwa hiyo nimemlisha sumu mjukuu wangu?"

"Sijasema sumu."

Hakusema, lakini aliyamwaga maharage yote, akaisugua sufuria nusura aitoboe, kisha akatangaza kwamba tangu sasa chakula cha mtoto kitapita mikononi mwake peke yake. Bibi alijifuta maji mikononi, akaingia chumbani kwake.

Mtoto mwenyewe nyumba nzima ilimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Sasa alikuwa kimya, midomo imemkauka, macho yamezama. Kikohozi hana, mafua hana, ila kila alichopewa kilirudi. Mama akambeba mgongoni, mbio hadi zahanati.

Muuguzi alimpima joto, akamfinya ngozi ya tumbo taratibu aone inavyorudi, kisha akauliza:

"Kuna mtu karibu yenu anayekohoa?"

"Nyumbani hakuna. Kazini yupo mwenzangu, tunakata vitunguu meza moja. Lakini dada, mwanangu anaumwa tumbo, si kifua."

"Nimekusikia. Tumpime korona."

"Korona ya tumboni tena?"

"Kwa watoto hutokea. Mwingine hakohoi hata kidogo, ni kutapika na kuharisha tu."

Jibu likatoka: anayo. Mama naye akapimwa, anayo, ingawa hakusikia hata kuwashwa koo. Akaketi. Maharage ya watu hayakuwa na kosa lolote. Aliyeuingiza ugonjwa nyumbani huenda ni yeye, kwa pumzi yake mwenyewe.

"Mnaishi na nani?" muuguzi akauliza.

"Baba yake yuko safarini. Tuko na mama mkwe. Ana pumu."

"Basi huyo akae mbali nanyi, naye aje apimwe. Mtoto mnyweshe maji haya ya chumvi na sukari, kijiko kimojakimoja. Akitapika, subiri kidogo, anza tena. Akikataa kabisa au akilegea, mrudishe upesi tumtundikie dripu."

Bibi alipimwa, akakutwa salama. Lakini nyumbani, maji yale yalipoletwa, Chiriku alibana meno. Mama alibembeleza, akaimba, akatishia, akaahidi vitu ambavyo hata dukani havipo. Kijiko kikaishia kulowesha shingo ya mtoto.

"Nataka Bibi aninyweshe."

"Bibi hawezi kuja humu, mama yangu."

"Basi sinywi."

Kichwa cha mtoto kilikuwa kikianza kulala begani kama kitambaa kilicholowa. Mpishi akavaa barakoa, akasimama mlangoni mwa ua. Mama mkwe alikuwa upande wa pili, akikunja nguo.

"Mama, amekataa kunywa. Anakutaka wewe."

"Si ulisema vyote vipitie mikononi mwako?"

"Nilisema, mama. Niliropoka."

"Uliropoka kweli." Bibi aliitua nguo. "Fungua dirisha. Mpakate, mgongo wake kifuani kwako, anitazame mimi. Na wewe usiongee."

Akavaa barakoa yake, akaweka kigoda katikati ya ua, mbali na dirisha, mkononi kijiko kitupu.

"Nani huyo amefunga mlango?" akaita. "Kuna mgeni hapa, amebeba mzigo, mvua inamnyeshea!"

Chiriku akafungua jicho moja. Bibi akakipeleka kijiko kitupu hewani, polepole, kikipinda kona, kikisimama, kikibisha hodi. Nyuma ya mtoto, mkono wa mama ulikifuata na kijiko kilichojaa: kikipinda Bibi alipopinda, kikisimama aliposimama. Mdomo ukafunguka. Akameza.

Vijiko vya kwanza vilirudi. Mama alitaka kulia, lakini Bibi aliinua kiganja: subiri. Wakasubiri. Kijiko kikaanza safari upya, mara hii mgeni kapanda punda, mara punda kagoma. Maji yakabaki tumboni. Yakafuata mengine, nayo yakabaki. Kikombe kikafika nusu, na Chiriku akauliza kwa sauti ya kukwaruza huyo punda anaitwa nani.

Machozi yalimtoka mpishi, yakaingia ndani ya barakoa.

"Mama, nisamehe kwa yale maneno ya asubuhi."

"Tazama mkono wako, wewe," Bibi akasema, kijiko chake kikielea juu ya ua. "Unamwaga."