Kwa Hisani Yako, Sijambo

Kwa miaka miwili nilimdanganya Daktari Kumagai kila baada ya wiki nne, tena kwa adabu. Aliniuliza, "Hali yako?" Nikainamisha kichwa na kujibu kama kila mtu hapa Akita, kaskazini mwa Japani, anavyojibu: "Kwa hisani yako, sijambo." Ningekuwa nimekatika mguu ningejibu hivyohivyo. Naye akaandika kwenye faili: hana shida.

Shida ilikuwa kidonge chenyewe alichonipa. Kilikomesha kifafa changu wiki ya kwanza, kisha kikaanza kunikomesha mimi. Nililala nikisaga soya. Nililala nimesimama, nikazinduka uso wangu umo ndani ya ndoo ya tofu, ile jibini laini ya maziwa ya soya tunayouza. Tofu ile tuliila wenyewe.

Baada ya kuanguka kifafa hupewi leseni ya udereva mpaka miaka miwili ipite salama. Gari letu la kuzungushia tofu vijijini likashikwa na mama mkwe wangu, Fusae, mwenye miaka sabini na minne na gia moja. Wateja walisema tofu inafika ikiwa maziwa. Niliihesabu miaka ile siku kwa siku.

Ilipotimia, nikaenda ofisi ya leseni na barua ya daktari. Nikapewa fomu. Swali la kwanza: umewahi kupoteza fahamu? La nne: je, husinzia mchana katikati ya shughuli mara tatu au zaidi kwa wiki, ingawa usiku umelala vya kutosha?

Uwongo wa adabu naujua. Uwongo wa fomu sijafundishwa. Nikaandika ndiyo kote kuwili.

Ofisa, Bwana Togashi, akaiweka fomu kando ya barua. "Daktari anasema huna shida."

"Ndivyo nilivyomwambia."

"Kwa nini?"

"Aliniuliza hali."

Akaelewa mara moja. Ni mtu wa huku. Akanirudisha hospitali hata hivyo.

Safari hii mama mkwe aliingia nami. Daktari akauliza, "Hali yako?"

"Kwa hisani yako—"

"Hisani gani!" Fusae akadakia. "Daktari, huyu mke wa mwanangu analala kama gunia. Juzi kalala katikati ya neno. Neno lenyewe lilikuwa 'niko macho'."

Daktari akafungua faili, akasoma 'hana shida' mara ishirini na sita. Akanigeukia. "Bi Chizuru, mbona hukusema?"

"Nilihofia ungejisikia vibaya."

Akavua miwani. Nadhani alijisikia vibaya.

Alibadilisha dawa polepole, akaniamuru nisiguse usukani. Nikarudi kila mwezi kwa miezi sita. Kila mara akiuliza hali nilifumba macho nikasema, "Mbaya kidogo," jasho likinitoka kama mwizi. Mwezi wa tano wa dawa mpya nilisema "nzuri" na ilikuwa kweli. Hakuniamini. Alimpigia Fusae simu kwanza.

Siku ya leseni, asubuhi, swali la nne nilijaza hapana. Tukakaa kwenye benchi, mimi na Fusae, kusubiri kuitwa. Kuna joto zuri pale, na jiko la mafuta linalonguruma taratibu. Nilipofumbua macho, Bwana Togashi alikuwa amesimama mbele yangu, kadi mkononi.

"Huko kusinzia ni mara ya ngapi wiki hii?"

"Ya kwanza. Ya kwanza mwezi huu."

"Fomu inasema tatu," akasema, akanikabidhi kadi kwa mikono miwili.

Nje theluji ilikuwa ikidondoka. Fusae akanitupia ufunguo. "Haya, mkwe. Miaka miwili na nusu umenilalamikia gia. Hali yako?"

Nikaitazama kadi. Picha yangu ilikuwa macho kabisa.

"Leo mbaya kidogo, Mama," nikasema, nikamrudishia ufunguo. "Endesha wewe. Mimi nitaanza kesho."

Akaingia, akawasha, akatia gia yake. Tulifika nyumbani jioni.