Moyo Uliosikika kwa Wafua Shaba

Kila asubuhi Ninfa alikaa kwenye kizingiti cha karakana ya baba yake akisugua masufuria kwa majivu na limau, na nyuma yake mtaa mzima wa wafua shaba wa Palermo ukaanza kugonga. Aliyezaliwa mtaa ule aliijua nyundo ya kila fundi kama unavyojua kikohozi cha babu yako. Ya baba yake, Fundi Gaspare, ilikuwa mapigo mawili mazito na moja jepesi. Wageni walipita wamejiziba masikio. Wenyeji waliuza, wakagombana na kusengenyana katikati ya kelele hizo, na watoto wachanga walilala fofofo.

Kelele hizo ndizo zilizomweka Baldassare hai.

Baldassare alikuwa mchapaji vitabu, mchumba wa Ninfa, na mmoja wa vijana waliopandisha bendera mji ulipomwasi mfalme wa Napoli. Uasi ulizimwa. Askari wa mfalme walirudi, na sasa waasi walikuwa wakisimamishwa ukutani nyuma ya gereza na kupigwa risasi, wawili leo, watatu kesho. Baldassare alikuwa amefichwa kwenye kijichumba cha mkaa nyuma ya tanuri la Fundi Gaspare. Kujificha alijificha vizuri, hata paka hakumwona. Shida ilikuwa moyo wake. Tangu siku alipochungulia na kuona wenzake wakianguka ukutani, moyo ule ulikuwa ukidunda kwa sauti, na wala si sauti ya kutegea sikio. Ninfa aliusikia akiwa kisimani, mwisho wa mtaa.

Mafundi hawakuulizana kitu. Walianza kugonga mapema zaidi, wakachelewa kuacha, na usiku wakapokezana. Hata Jumapili waligonga. Padri alipouliza, wakamwambia watawa wameagiza masufuria ya haraka, na padri, naye ana masikio, hakuuliza tena.

Halafu ikaja Ijumaa Kuu.

Siku hiyo Palermo hapagongwi msumari. Kengele za makanisa hufungwa kamba toka Alhamisi mpaka Jumamosi, waumini huitwa kwa kugonganisha vibao, na anayeshika nyundo ni kama amemsulubisha Bwana upya kwa mkono wake. Alfajiri mtaa ukanyamaza kimya, na ndani ya kimya hicho moyo wa Baldassare ukasikika toka kona hadi kona.

Bi Crocifissa, jirani wa ng'ambo, akatoa kichwa kwenye roshani. "Ninfa! Ninfa wee! Mwambie mgeni wenu apunguze!"

"Hapunguziki, mama!"

"Mpeni maji ya maua ya mchungwa!"

"Amekunywa chupa nzima!"

Walimfunika magodoro. Wakampangia magunia ya mkaa kifuani. Moyo ulizidi, maana sasa aliogopa na kukosa hewa. Ninfa akampigia baba yake magoti kwenye vumbi la shaba.

"Baba, piga tu. Piga polepole. Nakuomba."

Fundi Gaspare alikuwa amekaa na mikono mapajani. "Jumapili zote hizi nimemkosea Mungu, na Mungu husamehe. Leo nikigonga nitamkosea Mama yake, leo anapomlilia mwanawe. Mwanangu, kichwa changu nitampa Baldassare. Hilo siwezi."

Ninfa akaenda mlango kwa mlango. Mafundi wote walilia, na hakuna aliyeshika nyundo. Aliporudi, Bi Crocifissa alikuwa akipunga leso kwenye roshani kama mwehu: kapteni anakuja.

Kapteni Liborio, mkuu wa polisi, aliujua mlango ule. Tangu majira ya baridi alikuwa akija kununua masufuria asiyoyahitaji na kumtazama Ninfa akiyasugua. Watu walisema jikoni kwake mna vyombo vya kulisha kikosi kizima.

Nyuma ya tanuri, Baldassare akafungua shati. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Aliingiza mkono kifuani, akautoa moyo, akampa Ninfa.

"Ushike. Utanirudishia Jumamosi, kengele zikilia."

Ulikuwa wa moto kama mkate uliotoka tanurini. Ninfa aliuweka ndani ya kifua chake, kando ya wa kwake, akafunga vifungo vya gauni. Baldassare akaegemea ukuta, akatazama dari, akasema anasikia njaa.

Kapteni aliingia na glavu nyeusi za maandamano ya msiba. Alisimama akisikiliza.

"Nani anagonga Ijumaa Kuu?"

"Hakuna anayegonga, mheshimiwa," Ninfa akasema. "Ni moyo wangu."

Kapteni alisogea, akainamisha sikio karibu na kifua cha Ninfa, kwa adabu, bila kumgusa. "Kweli. Na unadunda hivi kwa nini?"

"Kwa sababu yako, mheshimiwa."

"Kwa hofu au kwa mapenzi? Nauliza kwa sababu mwenye hofu ana kitu anaficha, na askari wangu wako hapo nje. Wataanzia kwenye tanuri."

Ninfa alimtazama usoni. Akasema, "Kwa mapenzi."

"Basi tutaoana Pasaka ikipita," kapteni akasema, akamgeukia Fundi Gaspare. "Hongera, baba mkwe."

Jumamosi, kengele hazijafunguliwa, gari la farasi lilikuja kumchukua Ninfa kwenda kwa dada yake kapteni, kwani mchumba wa mkuu wa polisi hawezi kulala kwa wafua shaba. Alipanda na mioyo yake miwili. Mchana Baldassare akaondoka juu ya mkokoteni wa malimau. Kwenye lango askari walimtazama, naye akawatazama, na kwa vile hakuonekana kuogopa chochote, wakamruhusu. Jioni alikuwa ndani ya meli ya Malta.

Ninfa akaolewa. Nyumba ya kapteni ilikuwa juu ya kilima, na mtaa wake haukukawia kuuzoea moyo ule. Wauza maji walipanda ngazi kwa kufuata mapigo yake, wanawake walikanda unga kwa kuufuata. Kapteni alilala mchana baada ya chakula, kichwa kwenye kifua cha mkewe, mkono wake umeshika kifundo cha mkono wa Ninfa, akisema kwamba bila mdundo ule hapati usingizi kabisa.

Bi Crocifissa alikuja kumwona wakati wa mavuno ya zabibu. Askari wa mlangoni alimpekua kikapu, kama alivyompekua kila mgeni.

"Mpwa wangu baharia ametoka Malta," akanong'ona. "Kijana wako yuko salama. Amenenepa. Ana kazi bandarini."

"Aliniulizia?"

Bi Crocifissa alikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Mpwa wangu alimtajia jina lako, mwanangu. Akasema, 'Ninfa yupi?'"

Ninfa alimshukuru, akampa tini za kubeba. Kifuani moyo wa Baldassare ulikuwa ukidunda vilevile. Wenyewe ulikuwa bado unamkumbuka Ninfa.

Alichokuwa akikiogopa Ninfa ni kingine. Tangu mwanzo wa kiangazi, kapteni alikuwa na tabia ya kutaja majina mezani, kati ya tonge na tonge. Jina la mwoka mikate. Jina la mwalimu wa hesabu. Halafu husikiliza, uma hewani. Majina mengi yalipita. Lakini alipomtaja Nicolò Spampinato, mwuza karatasi, moyo uliruka mpaka glasi zikagongana, na juma lile Nicolò akasimamishwa ukutani. Akafuata mtengeneza vinanda. Akafuata daktari kijana mwenye kigugumizi. Wote walikuwa wenzake Baldassare wa bendera ile. Ninfa alijibana kwa mkanda wa gauni hadi akazimia. Alikunywa siki. Aliuomba moyo ule kwa sauti, chumbani peke yake, "Nyamaza, tafadhali, utawamaliza." Ulikuwa moyo wa mtu mwema, haukuweza kusikia jina la rafiki ukanyamaza.

Mchana wa siku ile aliyokuja Bi Crocifissa, chakula kilikuwa tambi za sardini na shamari. Kapteni alikula, akafuta mdomo.

"Gaspare Lo Verso," akasema.

Moyo wa Ninfa mwenyewe, ule mdogo, ulisimama. Lakini ule mwingine ulikuwa umekula mkate wa Gaspare na kulala nyuma ya tanuri lake. Uliruka kwa furaha kama mbwa aliyesikia miguu ya bwana wake mlangoni.

"Ahaa," kapteni akasema.

"Ni baba yangu."

"Najua, mke wangu. Ndiyo maana nilimweka mwisho."

Ninfa aliuliza kwa sauti ndogo sana, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Ijumaa Kuu. Nisingekosa kuujua moyo wa mwasi, nimesikia mingi pale ukutani." Akajimiminia divai. "Kijana yule ningemtoa nyuma ya tanuri, ningepata mtu mmoja tu. Njoo tulale kidogo."

Kapteni alilala kichwa kikiwa kifuani pa Ninfa, na kifundo cha mkono wa Ninfa kikiwa ndani ya ngumi yake. Ninfa hakuthubutu hata kumeza mate. Alipoamka, kapteni alimbusu kwenye paji la uso, akavaa glavu, akatoka, na askari akafunga mlango kwa nje.

Ninfa akafungua dirisha. Toka bondeni, mtaa wa wafua shaba ulikuwa ukigonga. Aliita, na sauti yake haikufika hata ng'ambo ya barabara kwa jinsi kifua chake kilivyokuwa kikidunda. Akaacha kuita, akaanza kusikiliza. Alizipita nyundo za majirani moja moja hadi akaipata, mawili mazito na moja jepesi, mawili mazito na moja jepesi, bila haraka, kazi ya mtu anayenyoosha ukingo wa sufuria.

Mawili mazito. Alingoja lile jepesi, na nyundo nyingine zote zikaendelea.